Cub, Mustang au Tiger Moth: seti ipi ya ndege kubwa ya rimoti imfae mjenzi wa Mwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Nyakato, Mwanza. Nimerusha ndege za povu za umeme kwa miaka miwili. Ya mwisho ina mabawa ya mita 1.4 na naitua vizuri hata upepo ukiwepo kidogo. Sasa nataka kuunda ndege kubwa ya mbao kutoka kwenye seti, ya injini ya petroli. Nimebaki na tatu: Piper Cub ya robo (yaani robo ya ukubwa wa ndege halisi), P-51 Mustang ya moja ya tano (kuna mtu anauza boksi la zamani ambalo halijafunguliwa), na Tiger Moth ya robo. Moyo uko kwa Mustang. Nina chumba cha mita tatu kwa tatu, na usafiri ni Noah ya kaka. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Marahaba. Chukua Cub. Mustang iwe ya pili, au bora zaidi ya tatu. Ndege kubwa ya kwanza huchaguliwa kwa kuangalia pale itakapotua, gari litakaloibeba, na mbao utakazozipata siku itakapovunjika, na kwa hayo matatu Mwanza inaipendelea Cub waziwazi.

Kwa ukubwa zote zinatosha. Chama cha warushaji wa ndege kubwa za mfano cha Marekani, IMAA, ambacho vipimo vyake hufuatwa na wengi, huhesabu ndege kuwa kubwa ikiwa ina bawa la ghorofa moja la kuanzia inchi 80 (mita 2.03), au mabawa ya ghorofa mbili ya kuanzia inchi 60 (mita 1.52), au ikiwa ni nakala ya robo kwenda juu. Cub ya kweli ina mabawa ya mita 10.74, hivyo ya robo inatoka mita 2.69. Mustang ya moja ya tano inafika mita 2.26, Tiger Moth ya robo mita 2.23. Kinachozitenganisha ni mzigo unaobebwa na kila kipande cha bawa, na kwa Mwanza jambo hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa ziwa uko chini yake kidogo tu. Mchana, joto likiwa nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa hapa ina kilo 1.02 hivi. Takwimu za watengenezaji kwa kawaida huanzia kwenye kilo 1.225, hewa ya usawa wa bahari katika nyuzi 15. Umeshapungukiwa asilimia 17 kabla hujawasha injini. Bawa litadai kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 ili libebe uzito uleule, propela itasukuma hewa nyepesi, na injini itavuta oksijeni kidogo kila inapopumua. Yule anayesema kwenye video kwamba ndege fulani "inaelea tu" huenda yuko Florida, jimbo ambalo kilele chake kirefu kuliko vyote hakifiki mita 110.

Weka sasa namba za ndege zako. Cub ya robo ina bawa la kama mita 1.04 za mraba. Ikiundwa kwa uangalifu inatoka na kilo 7.5, yaani gramu 72 kwa kila desimita ya mraba. Kwa hewa ya mchana wa Mwanza bawa hilo linaacha kubeba kwenye kasi ya kilomita 39 hivi kwa saa, na utakuja kutua kwa kama 50. Pwani, kwa joto lilelile, ingeacha kubeba kwenye 36. Mustang ya moja ya tano ina mita 0.87 za mraba na ni nadra itoke chini ya kilo 10, yaani gramu 115 kwa desimita. Bila flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) inaacha kubeba kwenye 49, kwa hiyo unakuja kutua kwa zaidi ya 60, juu ya miguu ya kukunja, penye majani. Miguu ya kukunja hupenda lami. Kwenye malisho ya Misungwi au Magu, ambako ndiko utakakopata eneo tambarare la kutosha, udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuacha nyufa zinazomeza gurudumu dogo. Mvua ikinyesha unanata mpaka gurudumu haligeuki. Cub ina miguu isiyokunjwa na gurudumu kubwa. Ifungie ya kipenyo cha sentimita 12 au 13, hata kama nakala halisi inadai ndogo kidogo.

Hilo boksi la zamani la Mustang lina suala lake. Hobbico ya Marekani, iliyokuwa na chapa za Top Flite na Great Planes, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2018, na seti nyingi za aina hiyo zinazouzwa leo ni mabaki ya zamani hizo. Kama ni mojawapo, ukivunja kioo cha rubani au kifuniko cha injini, kingine utatengeneza mwenyewe. Muulize muuzaji boksi lilihifadhiwa wapi. Balsa, mbao nyepesi sana ya kuundia ndege hizi, iliyolala miaka kumi kwenye stoo yenye unyevu huwa imejipinda, na karatasi ya ramani iliyolowa na kukauka haiaminiki tena kwa vipimo.

Tiger Moth haina kasi ya kutisha, lakini ina mabawa manne ya kuunda, manne ya kufunika, na waya na nguzo za kufunga uwanjani kila unapotaka kurusha. Ukifika uwanjani saa moja asubuhi, ukimaliza kuifunga na kuikagua upepo wa ziwa unakaribia kuamka. Hapo sina zaidi.

Kuhusu Noah: kiwiliwili cha Cub ya robo kina urefu wa mita 1.71, na bawa likigawanywa katikati kila upande ni kama mita 1.35. Laza viti vya nyuma, pima mwenyewe kwa futi kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa kiti cha dereva, na upime pia kona ya korido ya nyumbani. Cub ya theluthi, ambayo rafiki zako watakushawishi uichukue "kwa kuwa ni bei karibu sawa", ina kiwiliwili cha mita 2.28 na bawa la mita 3.58. Hiyo ni ya mwenye pikapu.

Kuhusu kusafirisha seti: mizigo inayokuja kwa ndege hutozwa kwa nafasi inayochukua kama nafasi hiyo inazidi uzito. Kampuni za vifurushi nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha hugawa kwa 5,000. Mizigo ya kawaida ya anga hugawa kwa 6,000. Seti ya Cub huja kwenye boksi refu jembamba kwa sababu miti yake mirefu mara nyingi ni ya inchi 48, sawa na sentimita 122. Boksi la 125 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa kilo 15 kwa kigawanyo cha kwanza, hata kama lina kilo 8. Ndege iliyokwisha kuundwa kiwandani, kwenye boksi la 150 kwa 50 kwa 40, inahesabiwa kilo 60. Omba vipimo vya boksi kwa maandishi kabla ya kulipa, kisha ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha kwenye hesabu yako.

Bei ya seti yenyewe isikudanganye. Mara nyingi haifiki theluthi ya gharama ya ndege iliyo tayari kuruka. Seti nyingi hazina injini, servo (vimota vidogo vya kusogeza vibao vya bawa na mkia), tangi, magurudumu wala ngozi ya kufunikia, na baadhi hazina hata bawaba na skrubu. Muulize muuzaji maswali haya na usubiri jibu la kila moja: mbavu zimekatwa kwa leza au zimepondwa kwa kisu cha mashine? (Za kupondwa huja na kingo zilizovunjika, utazirekebisha moja moja.) Ramani ni ya ukubwa kamili? Nguzo za bawa zinabeba uzito au ni pambo? Vyuma vya kufungia nguzo vimo? Mti mkuu wa bawa ni wa mbao gani, na wa unene gani? Balsa USA, kwa mfano, hutengeneza Cub ya robo na ya theluthi kwa mtindo wa kizamani wa vijiti na mbavu, na ramani yake huwekwa chini ya kazi moja kwa moja.

Kuna pia kinachoitwa seti fupi: unapewa mbavu, fremu na ramani tu, miti unanunua mwenyewe. Nafuu yake inavutia, ila balsa kwa sehemu kubwa hutoka Ekuador na hutaikuta kwenye duka la mbao la kawaida mjini. Kipande unachoweza kupata hapa ni mti mkuu wa bawa. Msonobari wa Sao Hill, uliokauka vizuri, usio na fundo na wenye nyuzi zinazokwenda sambamba na urefu wa kijiti, unashika nafasi ya sprusi, mbao ya ughaibuni inayotumika kwa kazi hiyo, ukiwa mzito kidogo. Mpe fundi mwenye msumeno mwembamba, akate vijiti vitano ili uchague viwili. Shika ncha moja, kipinde taratibu. Kinachopinda zaidi upande mmoja kitupe. Mninga sahau, ni mzito mno. Plaiwudi ya kawaida ya dukani nayo usiiweke kwenye ukuta wa injini, maana ndani ina mapengo yasiyoonekana. Agiza kipande cha ziada cha plaiwudi ya ndege ya milimita 6 pamoja na seti yako.

Kwenye injini ndipo ushauri wa ughaibuni unapopotosha zaidi. Watakuambia Cub ya robo inatosha na injini ya petroli ya cc 20 (ujazo wa silinda). Pwani, sawa. Hapa nenda kwenye 26 hadi 30. Unarudishiwa nguvu uliyonyang'anywa na hewa, na Cub ina pua fupi, kwa hiyo gramu mia tatu nne za injini kubwa zinachukua nafasi ya uzito wa madini ya risasi ambao ungeufunga mbele hata hivyo ili kusawazisha ndege. Injini ya DLE 30 huzungusha propela ya 18x10 au 19x8 (inchi za kipenyo, kisha za mwinamo). Kwa Cub anza na 19x8, kwa sababu ndege ya polepole hupenda propela ndefu yenye mwinamo mdogo. Mafuta ni petroli ya kituo chochote na oili ya tuu-taimu ya ubora mzuri, sehemu 30 kwa 1: mililita 167 za oili kwa lita 5. Kabureta ikiwa bado na mpangilio wa kiwandani, hapa itakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Dalili zake ni moshi mwingi, sauti ya kukohoa kwenye kasi ya kati, na plagi nyeusi yenye majimaji. Funga sindano ya kasi ya juu kidogo kidogo, theluthi ya robo mzunguko kwa mara, mpaka mizunguko ifike kilele, kisha ifungue tena kidogo. Ukiiacha kwenye kilele chenyewe injini itachemka ikipanda na kukuzimikia juu ya mpunga wa watu.

Injini za methanoli ziache, mafuta yake ni tabu kuagiza. Umeme unawezekana: hesabu wati 200 kwa kilo, yaani wati 1,500. Ila betri za litiamu kusafirishwa peke yake kwa anga zina masharti makali na hazipakiwi kwenye ndege ya abiria, na uwanjani utahitaji jenereta.

Chumba chako kinatosha. Tafuta mlango wa flashi, uweke juu ya meza, nyosha uzi kutoka kona hadi kona. Ukiona mwanga chini ya uzi zaidi ya milimita moja, chagua mlango mwingine. Bawa lililoundwa juu ya ubao uliopinda litabaki limepinda. Balsa ihifadhi ikiwa imelala, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu: mchwa wa Mwanza hawasomi bei. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa sehemu kubwa ya mbavu, supagluu kwa vipande vidogo, na epoksi ya dakika 30 kwa ukuta wa injini, sehemu za kufungia miguu na makutano ya bawa. Epoksi ya dakika tano hulegea kwenye joto na mtikisiko, na ndiyo inayofanya ukuta wa injini uchomoke na injini yake. Toboa pande za kiwiliwili, pigilia vijiti vya mbao vya milimita 3 vikiingia ndani ya ukuta, weka kona za pembetatu nyuma yake, kisha paka epoksi nyembamba mbele yote ili petroli isinywewe.

Mkia ufanye mwepesi kupita unavyoona inafaa. Kwenye Cub, gramu moja ya nyuma hudai karibu tatu za mbele. Chagua balsa nyepesi kwa usukani (kibao cha mkia cha kugeuza pua kushoto na kulia) na eleveta (cha kuinua na kushusha pua), kwaruza hadi unene wa ramani, na usiongeze plaiwudi "kwa usalama". Ukiweza kuchagua mahali pa servo za mkia, ziweke katikati ya kiwiliwili zivute kwa waya, badala ya kuzifunga nyuma.

Ncha za bawa ziwe zimeinamishwa nyuzi mbili kuliko mzizi, ukingo wa nyuma ukiwa juu. Upana wa bawa ni kama sentimita 40, kwa hiyo ni milimita 14 za kuinua kwenye ukingo wa nyuma wa ncha, na zilingane pande zote mbili. Usipofanya hivyo ncha moja itaacha kubeba kabla ya nyingine unapopunguza mwendo kutua, na Cub itajipindua ubavu mita tatu kutoka ardhini, pasipo nafasi ya kuirudisha. Kwa ngozi ya plastiki ya kubandika kwa pasi, nunua roli nne hadi tano za upana wa sentimita 60 na kitu, urefu wa mita mbili. Bandika juu na chini kwa zamu ili bawa lisivutwe upande mmoja. Njano ya Cub inakufaa zaidi ya uzuri wake, kwani rangi nyeusi hulegea na kufanya mikunjo ndani ya gari lililofungwa juani.

Servo weka sita: mbili za eleroni (vibao vya bawa vya kuinamisha ndege), mbili za eleveta, moja ya usukani, moja ya mafuta. Za mabawa na mkia ziwe na nguvu ya kilo 8 hadi 10 kwa sentimita, zenye gia za chuma. Betri mbili za LiFe za volti 6.6 na mAh 2,000 ziingie kwenye risiva (kipokea ishara za rimoti), kila moja na swichi yake, na ya tatu iwe ya cheche za injini peke yake. Risiva ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kisanduku cha cheche. Panga rimoti ili mawasiliano yakikatika injini ishuke hadi mlio wa chini, na ujaribu hilo chini kwa kuzima rimoti, mtu akiwa ameshika mkia. Eleroni zipande zaidi ya zinavyoshuka, na ujifunze kutumia usukani pamoja nazo; Cub inayogeuzwa kwa eleroni tupu huburuta pua upande usioutaka, jambo ambalo ndege zako za povu hazikukufundisha.

Uwanja wa mpira wa mtaani haufai. Propela ya inchi 19 inakata mkono, na ndege yoyote kubwa Mwanza hukusanya watoto kabla haijashushwa kwenye gari. Nenda na mtu mzima ambaye kazi yake ni kuzuia watu tu, mita 30 nyuma yako, asiyeshika kamera. Popote karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza usifikirie. Ndege zisizo na rubani ndani yake zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kwa hiyo ulizia usajili na kibali kabla ya kuagiza, kwa sababu ndege ya kilo 7 ikishafika forodhani maswali yataanza hapo. Siku ya kwanza ruka kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Baadaye nchi kavu inapata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na unaweza kuzidi nusu ya kasi yako ya kutua.

Najua wazo linalofuata, maana ziwa liko pale: kuiwekea boya. Cub inakubali, na hiyo ni faida nyingine ambayo Mustang haina. Boya ziwe na urefu wa asilimia 75 hadi 80 ya kiwiliwili, kama sentimita 128 hadi 137, na ngazi, yaani kidaraja kilicho upande wa chini wa boya, ikae sentimita 1 hadi 2 nyuma ya kituo cha uzito. Ndege ikiwa na boya itafika kilo 9, kwa hiyo boya zote mbili ziweze kusukuma nje lita 16 hadi 18 za maji. Subiri hadi uwe umetua nchi kavu msimu mzima bila kuvunja kitu. Chagua ghuba isiyo na magugumaji na isiyo na nyavu, zungumza na wavuvi kabla, na uwe na mtumbwi wa kukodi majini pamoja na mwenyewe kabla ya kuwasha injini. Ikizimika mbali usiifuate kwa kuogelea: kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko.